Barua Niliyowasomea Kibandani

Ujumbe wake ulinikuta dukani asubuhi ya Jumatatu, nikimpimia mama mmoja mbegu za sukuma wiki. Nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, na simu huwa naiweka kifudifudi juu ya kaunta isije ikanipotezea wateja. Siku hiyo ilitetemeka mara tatu mfululizo, nikaigeuza. Alikuwa rafiki yangu wa utotoni, ambaye siku hizi ni fundi wa nguo mjini Bungoma. "Sasa wewe," aliandika. "Umeona ile gemu yetu ya taa imetengenezwa upya? Nimeipata bana. Niko kijiji cha kwanza, nacheza Jumapili pekee. Usiniambie mwisho, si naujua."

Nilimfungia yule mama mbegu za kabeji. Alikuwa amefika mlangoni alipozitazama, akarudi akicheka, akaniuliza ni nani huyo ananiandikia mpaka nachanganyikiwa. Nilicheka naye lakini uso ulikuwa unaniwaka. Mwisho ambao rafiki yangu anaujua ni ule niliompa mimi tukiwa na miaka kumi na moja, na haukuwa kwenye gemu.

Ngoja nikueleze polepole, kwa sababu haya sijawahi kumweleza mtu, na nikiyaharakisha nitayapamba. Kupamba ndiko kulikoniponza.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa gemu za hadithi, na umri wangu haunizuii kulisema hilo. Gemu za mpira nimewaachia wenye kelele zao. Mimi nataka gemu inayonipa mtu wa kumhangaikia, njia ndefu, na sababu ya kurudi kesho. Na kuhusu hizi zinazotengenezwa upya, ambazo vijana wanaziita rimeki, nina maneno mengi mpaka kundi moja la simu liliniondoa. Wanachukua gemu tuliyoipenda ikiwa na ukungu, halafu wanaufuta ukungu. Zamani ukungu ulikuwepo kwa sababu mashine haikuweza kuchora vitu vya mbali, lakini sisi tulijuaje? Tulidhani kuna kitu kimejificha mle ndani, tukaogopa kwelikweli. Sasa unaona mpaka mlima wa mwisho, na juu yake hakuna lolote. Wanakuwekea mshale wa kukuonyesha njia. Mhusika aliyekuwa bubu, ambaye kila mmoja wetu alikuwa amempa sauti kichwani, wanampa sauti ya mtu asiyemjua. Na wakati mwingine wanabadilisha mwisho, na hapo ndipo nilipokuwa nikifoka kuliko wote. Mwisho usiguswe, niliandika, mwisho ni wa waliocheza kwanza.

Kibanda tulichochezea kilikuwa nyuma ya msikiti, kwenye uchochoro ulionukia mahamri asubuhi na mafuta ya taa jioni. Kilikuwa na kuta za mabati, benchi mbili, televisheni nene ya kisogo iliyofungwa kwa mnyororo, na mashine moja ya gemu iliyopata joto sana mpaka mwenye kibanda akailaza juu ya matofali mawili ipate hewa. Mwenye kibanda alikuwa mzee wa kanzu na kofia, mpole, mwenye sheria moja tu isiyovunjwa. Adhana ikianza, pad ya kuchezea inawekwa chini na sauti inazimwa. "Haya wanangu, wekeni chini," angesema, kisha angevaa viatu na kutuacha na picha iliyoganda. Sisi watoto wa makanisa tulibaki kwenye benchi tukinong'ona, tukibishana msichana wa gemu atafanya nini akishuka ule mteremko. Akirudi kutoka msikitini, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmeningoja, au mmeendelea bila mimi?" Hakuna aliyewahi kuendelea bila yeye.

Gemu yenyewe ilikuwa ya msichana anayetembea na taa mkononi katika nchi iliyofurika maji, akimtafuta mama yake aliyeondoka bila kuaga. Katika kila kijiji anakuta taa moja inawaka na barua moja ya mama huyo, fupi, yenye maneno nusunusu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo, na ile televisheni iliyafanya yatetemeke. Ukikaa kwenye benchi huwezi kuyaona. Ndiyo maana katika kibanda chetu gemu ya hadithi ilichezwa na watu wawili. Mmoja aliitwa mikono, naye ndiye aliyeshika pad. Mwingine aliitwa msomaji, na alikaa kwenye kreti ya soda ubavuni mwa televisheni, pua karibu iguse kioo, akisoma na kuwatafsiria wote kwa Kiswahili. Mikono akibonyeza, ukurasa unageuka, msomaji anasoma. Sijui kama vibanda vingine vilifanya hivyo. Sisi tulidhani dunia nzima hucheza hivyo.

Mikono alikuwa rafiki yangu. Alikuwa na vidole vyepesi ambavyo sijaviona kwa mtu mwingine, hata wavulana wa darasa la nane walimpisha. Kiingereza ndicho kilichompiga chenga, kwa sababu alikuwa amehamahama shule tatu kabla ya kufika Kitale. Aliishi na senge wake, yaani shangazi yake upande wa baba, nyumba iliyopakana na ya cucu, nyanya yangu. Mama yake alikuwa ameondoka zamani, rafiki yangu akiwa na miaka minne, na hakuna mtu mzima aliyetaka kusema kwa nini. Mimi nilikuwa nalelewa na cucu. Watu wetu walitoka mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia, na cucu alikuwa na shamba lake la mahindi pembeni mwa mji, pamoja na imani kwamba mtoto asiyefanya kazi anaharibika kama maziwa.

Msomaji nilikuwa mimi. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na mwalimu aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa la saba niwasomee, jambo ambalo lilinivimbisha kichwa mwaka mzima. Kwenye kile kibanda nilianza kwa kusoma yaliyoandikwa. Halafu siku moja nikatia chumvi kidogo. Kulikuwa na mfanyabiashara mchoyo kwenye gemu, nikamfanya aongee kama mwenye duka fulani wa mtaani kwetu, na benchi zote mbili zikaanguka kicheko. Yule mzee wa kanzu alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku hiyo sikusoma tena ukurasa ukatoka kama ulivyokuwa. Wengine walikuja hawachezi, wanakuja kunisikiliza tu. Cucu alinusa jambo bila kujua ni jambo gani. "Wewe mdomo yako haina mlango," aliniambia tukipukuchua mahindi, "na siku moja kitu itatoka huko tushindwe kurudisha." Nilimjibu kwa kumtupia gunzi kikapuni na kujifanya sikusikia.

Hiyo ilikuwa Desemba. Likizo ya Desemba kwetu ilikuwa ya mahindi. Ua mzima ulifunikwa turubai, vumbi la mahindi likakaa kwenye nyusi, vidole gumba vikachubuka mpaka ukashindwa kufunga kifungo. Rafiki yangu alikuja kutusaidia ili cucu atuachilie mapema twende kibandani. Siku moja tukiwa tumekaa kwenye lile turubai, akaniambia bila kuinua macho kwamba mama yake ametuma ujumbe. Alikuwa na nyumba sasa, huko Bungoma. Angekuja Jumamosi kumchukua, aanze shule ya kule Januari.

"Na senge anasemaje?" nikamuuliza.

"Amesema hatanifukuza na hatanizuia. Ati niamue mwenyewe."

"Utaenda?"

Alipukuchua hindi zima kabla ya kunijibu. "Sijui. Tumebakisha kijiji kimoja tu. Yule msichana akimpata mama yake, huyo mama si atasema kwa nini alienda? Nikisikia nitajua."

Usimcheke. Ukiwa na miaka kumi na moja, na watu wazima wote wanabadilisha mazungumzo ukiingia, utamuuliza nani? Yeye alikuwa amepata mahali pamoja ambapo mtoto aliuliza swali lake na mama akalazimika kujibu. Alikuwa ametembea vijiji vyote vile kwa vidole vyake akingoja jibu hilo. Na jibu lilikuwa lipitie kwangu.

Nami nilifikiria nini? Nikwambie ukweli, nilifikiria benchi. Akienda, nani atakuwa mikono? Nani atakayeningoja pale kwenye ua wa michongoma asubuhi? Nilimpenda, hilo si uongo, lakini nilimpenda kama mtoto anavyoshika kitu chake. Usiku kucha sikuwaza hata mara moja jinsi yeye alivyokuwa akimtamani mama yake.

Ijumaa tulikaa kwenye benchi tangu mchana, mzee akaenda swala ya Ijumaa, tukamngoja, akarudi na watoto wengine wawili watatu waliosikia kwamba leo tunamaliza. Kijiji cha mwisho kilikuwa na lango kubwa la maji na kibanda cha mawe, na ndani ya kibanda hicho barua. Rafiki yangu akabonyeza. Nikasogea kwenye kioo.

Kila ukurasa niliusoma kimya kwanza, kabla ya kufungua mdomo. Mama yule aliandika kwamba maji yangemeza vijiji vyote kama lango lingeachwa, na lilihitaji mtu mmoja wa kulishikilia, na wanakijiji walikuwa wamemchagua mtoto. Aliandika kwamba aliondoka kabla ya kupambazuka ili mikono iwe yake, isiwe ya binti yake. Aliandika kwamba kila taa ambayo msichana aliikuta inawaka njiani, yeye ndiye aliyeiwasha, akijua siku moja atamfuata. Kurasa zilifuatana kadiri alivyobonyeza, na kila ukurasa ulikuwa mzuri kuliko uliotangulia.

"Anasema nini?" rafiki yangu aliniuliza tukiwa bado ukurasa wa kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikasema, "Anasema, niliondoka kwa sababu nilichoka kukulea." Akabonyeza. Nikasema, "Anasema, nimeanza maisha mengine, usinitafute tena." Kisha nikanyamaza. Yeye aliendelea kubonyeza, nami nilitikisa kichwa tu kama mtu aliyeshindwa na huzuni. Baada ya hapo picha zilimwonyesha msichana amepiga magoti analia, na machozi ya namna ile yanafaa barua yoyote.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mzee wa kanzu alishika kidevu akasema, "Subhanallah, mama gani huyu?" Rafiki yangu aliweka pad chini taratibu, waya wake akaukunja vizuri kama alivyofanya kila siku, akatoka. Nilimfuata. Tulitembea mpaka nyumbani, na mlangoni kwao akaniambia, "Kesho mama akikuja nitakuwa kwenu. Unifiche." Nikakubali haraka sana.

Basi Jumamosi alijificha kwenye stoo yetu ya mahindi, nyuma ya magunia. Cucu alikuwa ameenda sokoni. Mama yake alifika kwetu kama saa saba na nusu, baada ya kuelekezwa na senge. Nilitarajia kuona mtu mbaya. Nikaona mwanamke mwembamba wa sura ileile ya rafiki yangu, amevaa sketi iliyopigwa pasi, viatu vimeshika vumbi mpaka juu, na ilionekana ameosha uso mahali fulani njiani kwa sababu kola ya blauzi ilikuwa na maji.

"Hujambo, mwanangu. Shangazi yake ameniambia yuko hapa kwenu."

"Sijambo, mama. Hayuko. Ameenda Webuye na watu wa kanisa."

"Webuye? Leo?"

"Ndiyo, leo asubuhi."

Alisema maneno mengine machache, akanishukuru, akaenda zake. Nilifunga lango, nikaenda stoo, nikamwambia rafiki yangu ameshaenda. Akaniuliza kama alikuwa amekasirika. Nikasema hapana, alikuwa tu na haraka.

Tulibaki na urafiki wetu miaka mitatu zaidi, kisha senge wake akahamia Webuye kabisa, naye akaenda naye, na baada ya hapo tukawa watu wa kutumiana salamu. Gemu za hadithi sikuzisoma tena kwa sauti. Watoto walilalamika, mzee akaniuliza mara moja, nikasema koo linaniuma. Kile kibanda sasa kinauza vifuniko vya simu, na mzee alishafariki, Mungu amrehemu. Mashine zimeingia majumbani, kila mtoto na yake, na gemu zinaongea zenyewe. Hakuna anayekaa kwenye kreti kumsomea mwenzake. Wenzangu wa umri huu wakiona hivyo wanasikitika, wanasema tulipoteza kitu kizuri. Ni kweli kilikuwa kizuri. Wao hawakujua tu msomaji wao alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa rudi nami kwenye ule ujumbe. Rafiki yangu anacheza Jumapili pekee, na gemu ina vijiji vitano. Nilipiga hesabu ya kijiji kimoja kila Jumapili pale pale kwenye kaunta nikaona nina mwezi mmoja. Jioni hiyohiyo nikainunua na mimi, na kwa siku nne niliicheza kama mtu anayekimbiza mwizi. Sikutazama mandhari. Ule ukungu nilioulilia kwenye makundi ya simu, sikukumbuka hata kuutafuta. Na mimi niliyefoka kwamba mwisho usiguswe, nilikuwa nikiomba Mungu, kwa maneno kabisa, wawe wameugusa. Wawe wameuharibu. Wawe wamemfanya mama yule aseme kwamba alichoka, wanikopeshe uongo wangu.

Hawakubadilisha kitu. Barua ni ileile, neno kwa neno, ila sasa inasomwa na mwanamke mwenye sauti ya chini, asiyeharakisha, na huwezi kubonyeza ukairuka. Nilikaa sakafuni nikamsikiliza mpaka mwisho. Miaka yote nimekuwa nikisema sauti zinaharibu gemu za zamani, na bado nasema hivyo kuhusu gemu nyingi. Ile sijui. Yule mwanamke alifanya kazi ya msomaji ilivyotakiwa kufanywa, nami nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili ya tano nilifunga duka nikaenda Bungoma. Nilimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, cherehani imefunikwa, pad mkononi, chai ya maziwa kwenye chupa. Amenenepa kidogo na anavaa miwani. Alifurahi kuniona mpaka nikajisikia mwizi. Kwenye televisheni msichana wa taa alikuwa amesimama mbele ya lile lango la maji.

"Umekuja siku yenyewe," akasema. "Keti. Chai iko hapo."

"Zima kwanza," nikamwambia. "Kuna kitu nataka kukwambia kabla hujaingia hapo ndani."

"Kuhusu barua?"

Nikaketi. Yeye aliweka pad mapajani akavua miwani.

"Nilibonyeza mara saba," akasema. "Wewe ulisoma mara mbili. Mimi nilikuwa mikono, si ningejua? Sikujua imeandikwa nini, lakini nilijua si hicho tu. Hii gemu nimenunua nione zile kurasa tano zingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa naogopa kwenda, bana. Mtu simkumbuki hata harufu yake, ati niende nikae naye. Ukanipa sababu, nikaishika." Alivaa miwani tena. "Tulikuwa watoto. Wewe nilikusamehe kitambo. Sasa nyamaza nisikie."

Akamwingiza msichana ndani, akaishika barua. Sauti ile ikaanza. Sikuwa na la kufanya pale isipokuwa kukaa. Ilipofika kwenye taa zilizowashwa njiani, aliweka kiganja mdomoni, na akaendelea kukiweka hapo hata picha zilipokwisha na majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda. Nilitarajia anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Mama yuko Sirisia," akasema baadaye. "Krismasi huja hapa, tunapika, tunacheka na watoto. Lakini kuna pahali hatufiki, mimi na yeye. Anajua nilimkataa. Hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kumweleza. Nikianza leo kusema ilikuwa gemu, ilikuwa rafiki yangu, ataona natafuta mtu wa kuwekelea lawama." Akanigeukia. "Uende wewe. Umwambie ulisoma nini. Mimi umenikosea kidogo, yeye ndiye umemkosea sana."

Nilimwahidi kwamba ningeenda wiki hiyohiyo.

Huu ni mwezi wa pili tangu nimwahidi. Wiki ya kwanza nilisema duka lina wateja wa mbolea. Ya pili nilisema mvua. Jumamosi iliyopita niliondoka kweli, nikafika Kamukuywa, nikashuka kwa kisingizio cha kunyoosha miguu, nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji, nikavuka upande wa pili wa barabara nikapanda gari la kurudi Kitale. Rafiki yangu haniulizi. Jumbe zake zimepungua, na ya mwisho ilikuwa "poa" peke yake.

Kuna sababu ya kushuka pale Kamukuywa, nayo sikumwambia hata yeye siku ile. Nimekwambia kwamba mama yake alisema maneno mengine machache langoni kwetu. Alisema hivi: "Akirudi mwambie nitamngoja pale stage ya magari mpaka saa kumi. Hata kama hataki kwenda, aje tu nimwone." Sikuyafikisha. Rafiki yangu alikuwa hatua ishirini kutoka pale, nyuma ya magunia, na saa kumi ilikuwa mbali bado.

Jumamosi ileile, kwenye saa kumi na moja na nusu, cucu alinituma chumvi, na njia ya dukani ilipitia stage. Magari ya Bungoma yalikuwa yamebaki mawili. Mama yake alikuwa bado ameketi kwenye ukingo wa saruji, amevua viatu ameviweka kando yake, pamoja, kama mtu aliye nyumbani kwake. Aliniona kabla sijapata pa kujificha. Akasimama hivyohivyo, miguu mitupu. Hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu, kushoto na kulia, atazame nimekuja na nani.